Umeona Nini Angani?

Alhamisi jioni, tarehe 13 Machi 1997, maelfu ya watu katika jimbo la Arizona, Marekani, waliona taa angani. Zilitokea kaskazini-magharibi, zikapita juu ya jiji la Phoenix na kuelekea kusini upande wa Tucson, zikiwa zimejipanga mfano wa herufi V. Wengi walikuwa nje kwa sababu nyingine kabisa: majuma yale nyota yenye mkia iitwayo Hale-Bopp ilionekana kwa macho matupu, na watu walitoka kuitazama. Kisha, yapata saa nne usiku, safu nyingine ya taa ilitokea upande wa kusini-magharibi mwa jiji, ikaning'inia hewani kwa dakika kadhaa, halafu taa zikazimika moja baada ya nyingine.

Walioziona walikuwa watu wa kila aina, na hakuna sababu ya kuwadhania kuwa waongo. Tangu usiku ule yameandikwa mengi juu ya taa za Phoenix, na mengi ya hayo yanauliza kama kuna viumbe wanaotutembelea kutoka mbali. Hapa tutauliza jambo lililo karibu nasi zaidi. Mtu aliyeona asichokielewa anawajibika kusema nini? Nasi tunaomsikiliza, tunawajibika nini kwake?

Amri ya tisa (Kutoka 20:16) tumezoea kuisoma kama katazo la kumsingizia jirani. Tunamfikiria mtu mwenye nia mbaya, anayejua ukweli na kusema kinyume chake. Lakini mahakamani mtu asiye na hatia anaweza kufungwa kwa maneno ya shahidi mwenye moyo safi kabisa, aliyeamini kila neno alilotamka. Je, mtu anaweza kushuhudia uongo bila kusema uongo?

Damu ambayo haikuwa damu

Soma 2 Wafalme 3:20–24. Wamoabi waliona nini? Walisema wameona nini?

Macho ya Wamoabi yalikuwa mazima. Asubuhi ile jua liliwaka juu ya maji yaliyojaza bonde, nao wakaona wekundu. Wekundu ulikuwapo. Mwandishi hawalaumu kwa kuona vibaya. Shida iliingia katika maneno yaliyofuata: hii ni damu, basi wafalme wamepigana wao kwa wao, basi twendeni tukachukue nyara. Hatua tatu, na kila hatua iliwapeleka mbali zaidi na kile jicho lilichokuwa limepewa. Tena kila hatua ilikuwa na busara yake. Bonde lilikuwa kavu, wala hapakuwa na upepo wala mvua (fungu la 17), sasa maji yangetoka wapi? Na muungano wa wafalme watatu wa Israeli, Yuda na Edomu haukuwa wa kuaminika sana. Walichagua maelezo yaliyopatana na waliyoyajua, na zaidi ya hapo yaliyopatana na waliyoyatamani. Wakaikimbilia kambi ya Israeli kama watu wanaokwenda sokoni, na Israeli wakainuka.

Huko Phoenix hakuna aliyekufa, lakini mwendo wa fikra ulikuwa uleule. Baadhi ya walioona ile V walisema waliona taa kadhaa zikisafiri pamoja. Wengine, wakitazama taa zilezile, walisema waliona chombo kimoja kikubwa cheusi kilichoziba nyota kilipopita. Kijana mmoja aliyekuwa na darubini nyumbani kwao alizielekezea taa hizo akaona ndege. Ndivyo jicho la mwanadamu lilivyo: likipewa nukta chache zinazokwenda pamoja gizani, hulijaza pengo lililo kati yake na kuona umbo. Kisha taa ya usiku haina kipimo. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawasawa, kwa hiyo mtu anayesema kwamba chombo kilikuwa na upana wa maili moja amekwisha kuamua umbali wake, bila kujua kwamba ameamua. Hata nyota iliyotulia, ukiikazia macho kwa muda penye giza tupu, utaiona inatembea.

Wahenga husema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa, ila akiisha kutazama anaweza kuulizwa: ulipewa nini na macho, na nini umekiongeza mwenyewe?

Basi aliyesema ameona chombo cheusi, amevunja amri ya tisa? Nadhani sivyo, angalau si kwa usiku wa kwanza. Hakujua kwamba ameongeza. Wajibu wake unaanza pale anapopewa nafasi ya kutenganisha na asiitumie: anapoulizwa kama kweli aliona ubavu wa chombo au aliona taa tu, naye, kwa kuwa hadithi imekwisha kumpatia wasikilizaji, anajibu kwa sauti kubwa zaidi. Uaminifu wa shahidi haukai moyoni peke yake. Una kazi ndani yake, kazi ya kuchambua kama mtu anayechambua mchele, na kazi hiyo inachosha kuliko tunavyopenda kukiri. Kuna mtu mmoja katika Injili aliyeifanya vizuri. Soma Yohana 9:24–27. Yule aliyekuwa kipofu alibanwa na watu wenye elimu wamtake atoe hukumu juu ya Yesu. Alijua jambo moja, akalisema hilo moja. Hakulipunguza kwa kuwaogopa, wala hakuliongeza ili kuwashinda.

Kivuli ambacho hakikuwa kivuli

Kama tungeishia hapo, somo lingekuwa rahisi mno, nalo lingewafurahisha wale wanaopenda kuwacheka walioona taa. Maandiko yana kisa cha upande wa pili.

Soma Waamuzi 9:30–39. Gaali mwana wa Ebedi alisimama langoni pa mji wa Shekemu asubuhi na mapema, akaona watu wanashuka kutoka vilele vya milima. Zebuli, mkuu wa mji, aliyesimama karibu naye, akamwambia kwamba anaona vivuli vya milima akidhani ni watu. Ni maelezo mazuri sana. Yana utulivu, yanalingana na saa ya mapambazuko, na ni jambo linalotokea kweli milimani. Tena yalikuwa uongo mtupu, maana Zebuli mwenyewe ndiye aliyempelekea Abimeleki ujumbe aje usiku na watu wake. Gaali aliona sawa, akaambiwa na mkubwa kwamba macho yake yamemdanganya, na muda uliopotea katika mabishano hayo ulikuwa muda wa adui kukaribia.

Kwa hiyo si kila anayesema "ulichoona ni kitu cha kawaida" amesema kweli. Maelezo ya kawaida nayo ni ushahidi, na yapo chini ya amri ileile.

Turudi Phoenix. Miezi michache baadaye ilitolewa taarifa kwamba taa za saa nne usiku zilikuwa taa za moto zinazoshushwa kwa miavuli kuangazia uwanja wa mazoezi wa kijeshi wa Barry Goldwater, kusini-magharibi mwa jiji, zilizodondoshwa na ndege za kikosi cha akiba cha jimbo la Maryland. Waliochunguza video za usiku ule walionyesha kwamba kila taa ilizimika pale hasa ilipofika nyuma ya mgongo wa milima ya Sierra Estrella. Kwa maoni yangu maelezo hayo yanatosha, kwa taa hizo. Lakini watu wengi walioona ile V ya mapema zaidi waliambiwa nao kwamba waliona taa za miavuli. Hawakuziona. Waliona kitu kingine, saa nyingine, kilichokuwa kinasafiri kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Walijibiwa kwa jibu la swali la jirani yao. Mtu akijibiwa hivyo na mwenye mamlaka, huondoka akiamini mambo mawili: kwamba hakusikilizwa, na kwamba kuna linalofichwa. La kwanza lilikuwa kweli, na ndilo lililozaa la pili.

Halafu kuna habari ya gavana. Tarehe 19 Juni 1997 Fife Symington, gavana wa Arizona wakati huo, aliita waandishi wa habari akisema kwamba mhusika amepatikana. Akaletwa mbele ya kamera msaidizi wake, amevaa vazi la kiumbe wa sayari nyingine na kufungwa pingu. Watu wakacheka. Wale waliokuwa wameomba uchunguzi wakaonekana wajinga mbele ya nchi nzima. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, Symington, akiwa ameondoka madarakani zamani, alisema hadharani kwamba usiku ule yeye mwenyewe alitoka nje na kuona chombo kikubwa kikipita, na kwamba hakukielewa. Alieleza kuwa kichekesho kile alikifanya ili kutuliza hofu ya watu.

Soma Mambo ya Walawi 5:1. Mtu aliyeona au kujua jambo, akasikia wito wa kutoa ushahidi, akanyamaza, anabeba uovu wake. Sheria hiyo haisemi kwamba ni lazima awe ameelewa alichoona. Inadai tu kwamba kile alichonacho akitoe. Sishangai gavana alishindwa kusema nini kilichopita angani. Pengine hata leo angekosea, na kuona kwake hakuthibitishi chombo chochote, kama vile kuona kwa Wamoabi hakukuthibitisha damu. Ninaloliona zito ni kwamba alikuwa shahidi, akaketi katika kiti cha mwamuzi, akawacheka mashahidi wenzake. Hofu ya watu ingeweza kutulizwa kwa sentensi moja: nami niliiona, sijui ni nini, tutauliza.

Hapa wengine watamkumbuka Ahimaasi. Soma 2 Samweli 18:19–32. Alipofika kwa Daudi akiwa mbio na kuulizwa habari za Absalomu, alijibu kwamba aliona ghasia kubwa lakini hakujua ni nini. Sentensi yake inafanana sana na ile ninayoisifu. Ila fungu la 20 linaonyesha kwamba Yoabu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mwana wa mfalme amekufa. "Sijui" ya Ahimaasi ilikuwa huruma, au woga, au vyote viwili, ujuzi haukukosekana. Darasa linaweza kujadili kama alitenda vema. Mimi naona alimwachia Mkushi mzigo ambao ulikuwa wake.

Nyota za mwaka 1833

Kwa Waadventista jambo hili linaingia hadi sebuleni. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1833, kabla ya mapambazuko, vimondo vilianguka juu ya mashariki ya Amerika Kaskazini kwa wingi ambao hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuuona huko; makadirio ya baadaye yanataja makumi ya maelfu kwa saa. Watu waliamshana kwa vilio. Frederick Douglass, aliyekuwa bado mtumwa katika jimbo la Maryland, aliandika baadaye kwamba alipoitazama mbingu ile alidhani huenda ni dalili ya kuja kwa Mwana wa Adamu. William Miller alikuwa tayari anahubiri. Waanzilishi wetu waliliweka tukio hilo pamoja na tetemeko la Lisbon la 1755 na siku ya giza ya 19 Mei 1780, na kitabu cha *Pambano Kuu* kinazitaja zote tatu.

Wakati uleule, katika chuo cha Yale, profesa Denison Olmsted alikuwa akiitazama mbingu ileile. Alifanya jambo ambalo sisi watu wa kanisa tunapaswa kuliheshimu: aliwaomba watu kupitia magazeti wamwandikie walichokiona. Hakuwacheka. Alipolinganisha barua zao aligundua kwamba vimondo vyote, popote vilipoonekana, vilitokea kama kutoka sehemu moja ya mbingu, katika kundi la nyota liitwalo Simba, na kwamba sehemu hiyo ilisafiri pamoja na nyota usiku ulivyosonga. Maana yake chanzo chao kilikuwa nje ya hewa ya dunia. Mvua ile ilirudi mwaka 1866, na ikajulikana kwamba ni vumbi linaloachwa na nyota yenye mkia ya Tempel-Tuttle, inayolizunguka jua kwa kipindi cha takriban miaka 33. Mwaka 1966 ilinyesha tena kwa nguvu kubwa juu ya magharibi ya Marekani. Na giza la 1780 nalo linaelezwa na wengi kwa moshi wa moto mkubwa wa msituni. Alama za moto wa miaka ile zimepatikana ndani ya miti ya Ontario, Kanada, na hata watu wa wakati ule waliandika kwamba maji ya mvua yalinuka masizi.

Nimewahi kuona mwalimu wa darasa akiharakisha kupita hapo, kana kwamba mtu akitaja vumbi la nyota yenye mkia ameiba ishara mikononi mwetu. Sioni kwa nini. Soma Mwanzo 9:12–17. Upinde wa mvua ni nuru ya jua inayopindwa ndani ya matone ya maji, mwanafunzi wa sekondari anaweza kukueleza, na bado ni ishara ya agano. Mungu hakuuita ishara kwa sababu Nuhu asingeweza kuueleza. Aliuita ishara kwa sababu aliambatanisha neno lake nao. Kama ishara ingesimama juu ya kutokujua kwetu, kila ugunduzi ungeibomoa, na imani ingelazimika kuishi ikiombea watu wasisome. Waanzilishi wetu hawakusema nyota zilianguka bila sababu. Hoja yao ilikuwa juu ya mpangilio na wakati: tetemeko, jua, nyota, kwa mfuatano wa Ufunuo 6:12, 13. Hoja hiyo inaweza kupimwa kama hoja nyingine yoyote. Mshiriki anayeuliza darasani, "Na mvua ya 1966 je?" asinyamazishwe, ameuliza swali la haki, na aliyesoma vizuri atajua kwamba jibu la wazee wetu halikutegemea vimondo kuwa vya pekee.

Siku ile ya giza, katika baraza la Connecticut, wajumbe wengi walitaka kuahirisha kikao wakidhani hukumu imefika. Abraham Davenport alikataa. Alisema, kwa ufupi, kwamba kama siku ya hukumu haijafika hakuna sababu ya kuahirisha, na kama imefika yeye anapenda akutwe kazini. Akaomba mishumaa iletwe. Ninampenda mzee huyo. Hakudai kujua giza lile ni nini, na kutokujua kwake hakukumzuia kujua la kufanya.

Kutaja jina la adui

Kuna namna nyingine ya kuongeza, na hiyo ni yetu hasa. Tunaamini kwamba Shetani atafanya ishara na ajabu za uongo (2 Wathesalonike 2:9, Ufunuo 16:14). Naamini hivyo mimi pia. Kutoka hapo ni hatua fupi sana kusema kwamba taa yoyote isiyoelezeka ni kazi ya mapepo. Lakini Maandiko yanayotuonya hayajatupa ruhusa ya kukisia majina. Mtu akisema juu ya taa za ndege kwamba ni malaika waovu, ameshuhudia uongo, hata kama ameshuhudia dhidi ya Shetani. Amri haina kifungu kinachomwondoa yeye.

Neno lenyewe linatusumbua. Tunasema "kitu kisichotambuliwa" kana kwamba ni aina ya kitu, kama vile kuna ndege, kuna nyota, na kuna visivyotambuliwa. Mradi wa jeshi la anga la Marekani ulioitwa Blue Book ulifungwa mwaka 1969 ukiwa umeorodhesha taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 ziliachwa bila kutambuliwa. Watu huitaja hiyo 701 kama ndiyo idadi ya vyombo. Ni idadi ya mara ambazo wachunguzi walishindwa kujua. "Haijatambuliwa" ni habari za mtazamaji. Kuijaza nafasi hiyo na wageni wa sayari nyingine, au na mapepo, au na malaika watakatifu, ni kosa la namna moja.

Na si kosa la mchezo. Mwezi uleule wa taa za Phoenix, tarehe 26 Machi 1997, watu 39 walikutwa wamekufa katika nyumba moja huko Rancho Santa Fe, California. Walijitoa uhai pamoja na kiongozi wao, Marshall Applewhite, wakiamini kwamba roho zao zitachukuliwa na chombo kinachofuatana na Hale-Bopp. Miezi minne hivi kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa amepiga picha ya nyota hiyo yenye mkia, akaona nukta angavu pembeni yake, akaipeleka redioni kama kitu cha ajabu kinachoifuata. Wanajimu walieleza mara moja kwamba nukta ile ni nyota ya kawaida iliyo nyuma yake, lakini habari ilikwisha kuenea. Haitakuwa haki kusema picha ile ndiyo iliyowaua. Mafundisho ya Applewhite yalikuwa na zaidi ya miaka 20, na kikundi chake kilisema wazi kwamba hakijali kama picha ni ya kweli au la. Hata hivyo mtu anayetangaza "nimeona" hajui ni nani anayemsikiliza, na tayari anasubiri nini. Soma Kumbukumbu la Torati 13:1–3. Ona kwamba hata ishara ikitokea kweli, swali linalobaki ni mahali inapowaongoza watu.

Msimu wa mwisho wa mwaka 2024 huko New Jersey ulikuwa mwepesi zaidi, lakini haukukosa hatari. Watu walianza kuripoti ndege zisizo na rubani usiku. Idara ya upelelezi ya FBI ilipokea taarifa zaidi ya 5,000, na takriban 100 tu zilionekana kustahili kufuatiliwa. Nyingine zilikuwa ndege za abiria, helikopta, ndege zisizo na rubani zilizoruhusiwa kisheria, na nyota. Gavana wa zamani wa Maryland, Larry Hogan, alitoa video ya kile alichosema ni makumi ya ndege kubwa zisizo na rubani juu ya nyumba yake. Waliojua mbingu wakatambua ndani yake nyota za Orioni. Ni kundi lilelile analotajiwa Ayubu pamoja na Kilimia (Ayubu 38:31), na ambalo Waadventista wengi wanalijua kwa sababu nyingine. Hadi hapo tunaweza kutabasamu. Lakini polisi na FBI ilibidi waonye watu waache kuelekeza miali ya leza angani, maana ilikuwa inapiga macho ya marubani wa ndege zilizobeba abiria. Watu waliodhani wanajilinda na kisichojulikana walikuwa wanahatarisha wanaojulikana, wenye majina na tiketi.

Siku hizi hata huku kwetu mtu anaweza kutoka nje baada ya ibada ya jioni akaona safu ya taa zinazofuatana kama behewa za treni, kimya kabisa. Mara nyingi ni setilaiti za Starlink zilizorushwa siku chache zilizotangulia, ambazo zimekuwa zikionekana sehemu nyingi za dunia tangu mwaka 2019. Kabla hajafika nyumbani, video iko kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa, na maneno yamekwisha kuambatanishwa. Mithali 18:13 inazungumza juu ya anayejibu kabla ya kusikia. Mithali 18:17 inazungumza juu ya anayetangulia kueleza, jinsi anavyoonekana kuwa na haki hadi mwenzake aje kumchunguza. Ni vema kuyasoma mafungu hayo mawili pamoja, kwa kuwa la kwanza ni la msikilizaji na la pili ni la msemaji.

Kwa mjadala wa darasa

Linganisha Yeremia 10:2 na Luka 21:25–28. Mahali pamoja watu wa Mungu wanaambiwa wasishangae kwa ishara za mbinguni, mahali pengine wanaambiwa zitakapoanza kutokea wainue vichwa vyao. Je, mtu mmoja anaweza kuyatii yote mawili usiku mmoja? Angefanyaje?

Katika kipindi cha shuhuda, dada mzee anayeheshimiwa na wote anasimama na kusema kwamba alfajiri ya Jumatano, akitoka kuomba, aliona nuru imesimama juu ya paa la kanisa, na kwamba alikuwa malaika. Watu wanasema Amina. Wewe unajua kwamba majuma haya Zuhura huchomoza kabla ya jua, upande uleule, na hung'aa kuliko nyota zote. Unajua pia kwamba hukuwapo. Baada ya ibada anakuja kwako akiwa na furaha na kukuuliza, "Mwanangu, wewe unaonaje?" Utamwambia nini, na kabla ya hapo, utamuuliza nini?